Mnafu Bila Maziwa: Jinsi ya Kuunga Mboga kwa Ndizi Mshare

Kuanzia Machame hadi Rombo, mnafu ulioungwa maziwa ni mboga ya heshima. Ng'ombe yuko bandani hatua chache kutoka jikoni, anakula majani na vigogo vya migomba, na maziwa yake ndiyo kiungo kilicho karibu kuliko vyote. Mama akishachemsha mnafu, humimina maziwa au mtindi, uchungu unatulia, mboga inakuwa nzito na laini, na ugali unashuka bila kusukumwa.

Lakini karibu kila nyumba ina mtu mmoja ambaye mboga hiyo haimfai. Kuna mtoto anayejaa tumbo na kuharisha kila akinywa maziwa. Kuna mzee aliyeambiwa kliniki apunguze mafuta. Kuna anayefunga vyakula vya wanyama kwa sababu ya imani yake. Huyu kwa kawaida hutengewa bakuli lake pembeni: majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, mboga ya chukuchuku, chungu, yenye maji yanayokimbia kwenye sahani. Anakula kwa sababu hana la kufanya.

Mwongozo huu unakuonyesha njia nyingine. Utaunga mnafu kwa ndizi mshare, kijiko kimoja cha mafuta na ndimu, upate mboga nzito, laini na yenye ladha, isiyo na tone la maziwa, na yenye mafuta machache kuliko ile ya kawaida. Kila kinachohitajika kinapatikana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, au sokoni Moshi.

Kwanza elewa kazi ya maziwa

Ukiondoa kitu kwenye sufuria bila kujua kilikuwa kinafanya nini, chakula kitaharibika. Maziwa kwenye mnafu yana kazi nne.

Ya kwanza ni kutuliza uchungu. Mafuta na protini za maziwa hupunguza makali ya majani ulimini. Ya pili ni kuupa mchuzi uzito, ili ushikane na jani na tonge lichote vyote kwa pamoja. Ya tatu ni kuleta mafuta kidogo, kwa kuwa mboga isiyo na mafuta kabisa hukwaruza mdomoni. Ya nne, hasa kwa wanaotumia mtindi, ni kuleta uchachu unaoamsha ladha.

Ukizitenganisha kazi hizi, utaona hakuna hata moja inayomhitaji ng'ombe. Uchungu unatulizwa kwa kuchagua majani machanga na kwa utamu wa kitunguu na karoti. Uzito unaletwa na ndizi mbichi iliyochemshwa ikapondwa. Mafuta yanaletwa na kijiko kimoja cha alizeti. Uchachu unaletwa na nyanya na ndimu. Watu wengi hushindwa kupika mboga bila maziwa kwa sababu wanatafuta kitu kimoja cha kufanya kazi zote nne. Zigawe, na mambo yatakuwa mepesi.

Kwa nini si nazi

Ukimwambia mtu mjini Moshi kwamba unataka mboga isiyo na maziwa, jibu la kwanza litakuwa nazi. Nazi ni tamu na haina maziwa, lakini si nyepesi. Maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa yana mafuta kama asilimia 3.5 hadi 4. Tui zito, lile la kwanza, hufika asilimia 20 na kuzidi. Kikombe kimoja cha mililita 250 cha tui hilo kina gramu 50 hivi za mafuta, na mengi ni ya aina ile ambayo mtu mwenye tatizo la lehemu huambiwa ayapunguze. Mzee wako aliyeambiwa apunguze mafuta atakuwa ametoka kwenye mvua akaingia mtoni.

Ndizi mshare, kwa upande mwingine, haifikishi asilimia 1 ya mafuta. Na si ngeni kwenye kazi hii. Mtori, ambao mama aliyejifungua hupikiwa Uchagani, huwa mzito na laini kwa sababu ya ndizi iliyopondwa, si kwa sababu ya unga. Tunachofanya hapa ni kuchukua ujuzi wa mtori na kuupeleka kwenye sufuria ya mboga.

Tena mnafu na ndizi vimeota pamoja tangu zamani. Kwenye kihamba, migomba hukaa juu, kahawa chini yake, na mboga za majani kwenye upenyo unaopata mwanga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hapa hapa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Mboga utakayoipika leo inatoka kwenye shamba la namna hiyo hiyo.

Sokoni: mnafu upi, ndizi ipi

Uwe Mbuyuni, Kiboriloni au Marangu, usinunue mnafu kwa kuangalia ukubwa wa fungu. Shika shina karibu na ncha, ulikunje. Likikatika kwa mlio, mboga ni changa. Likipinda kama kamba, majani yamekomaa na uchungu umeshapanda. Angalia pia kama kuna maua na vitunda. Mnafu ulioanza kuzaa huwa mchungu zaidi, na vile vitunda vya kijani visivyoiva havifai kuliwa kabisa kwa sababu vina sumu. Viondoe vyote wakati wa kuchambua.

Usione haya kuuliza. "Shikamoo mama. Mnafu huu umechumwa lini?" "Marahaba mwanangu, umechumwa leo alfajiri." Mboga ya alfajiri bado imesimama, ya jana hulala mkononi hata kama imenyunyiziwa maji. Muulize pia kama ni mnafu wa majani mapana au ule mdogo wa asili. Ule wa majani mapana, zikiwamo mbegu bora kama Nduruma na Olevolosi zilizotokana na kazi ya watafiti wa mboga huko Tengeru, Arusha, kwa kawaida hutoa majani mengi na hulainika upesi. Mnafu mdogo una ladha kali zaidi, na wapo wanaoupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Upande wa ndizi, taka mshare mbichi kabisa, yenye ganda la kijani kibichi lisilo na dalili ya manjano. Ikianza kuiva, wanga hugeuka sukari, na mboga yako itakuwa na utamu usiotakiwa. Usipopata mshare, ndizi bukoba itafaa, ila rojo lake huwa zito kidogo, kwa hiyo ongeza maji. Mzuzu na mkono wa tembo uziache kwa mapishi mengine. Zimekauka mno kwa kazi hii.

Mahitaji (watu 4 hadi 5)

- Mnafu, nusu kilo baada ya kuchambua (mafungu 3 hadi 4 makubwa)
- Ndizi mshare mbichi, gramu 200 baada ya kumenya (2 kubwa au 3 za wastani)
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Karoti 1
- Nyanya 2 zilizoiva vizuri
- Kitunguu saumu, punje 3
- Mafuta ya alizeti, kijiko 1 cha chakula
- Chumvi, nusu kijiko cha chai, kisha uonje
- Ndimu nusu
- Pilipili mbuzi 1 nzima, ukipenda
- Maji

Magadi hayamo kwenye orodha hii, na nimeyaacha kwa makusudi. Magadi hulainisha majani haraka na kuyaacha yana kijani cha kung'aa, lakini huua vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Zaidi ya hayo, magadi mengi ya kaskazini mwa Tanzania yana floridi nyingi, na floridi ikizidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaundwa huyaacha na madoa ya kahawia. Mnafu mchanga hauhitaji magadi. Uache upikike kwa moto.

Namna ya kupika

1. *Menya ndizi.* Paka mikono mafuta kidogo kwanza, au zimenyee ndani ya beseni la maji, ili utomvu usikugande vidoleni. Zikate vipande vya duara na uziache kwenye maji zisiwe nyeusi.

2. *Chemsha ndizi.* Ziweke kwenye sufuria na vikombe 2 vya maji safi, funika, chemsha kwa dakika 20 hadi 25, mpaka zipondeke ukizibana kwa mwiko. Ukiwa mlimani, ongeza muda. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Marangu ni kama 95. Ndiyo maana ndizi za juu huchelewa kulainika hata moto ukiwa mkali.

3. *Osha na kata mnafu.* Wakati ndizi zinachemka, chambua majani na vichipukizi laini, tupa mashina magumu. Osha kwa maji mengi mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, ndipo ukate. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, vitamini zinaondoka na maji. Usikate laini sana. Upana wa kidole unatosha.

4. *Ponda ndizi.* Zikiiva, zipondeponde humo humo kwenye maji yake kwa mwiko, kisha pekecha kwa kipekecho mpaka upate rojo kama uji mwepesi. Mwenye blenda aitumie, ila kwa muda mfupi tu. Ukisaga sana wanga huvutika kama gundi. Likiinuliwa kwa upawa, rojo linapaswa kumiminika bila kukatika na kuacha utando mwembamba mgongoni mwa upawa. Likidondoka kwa mabonge, ongeza maji ya moto. Ni heri liwe jepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu wanga wa ndizi huendelea kuganda kadiri chakula kinavyopoa.

5. *Chemsha mnafu.* Chemsha vikombe 2 vya maji na chumvi kidogo kwenye sufuria nyingine. Maji yakitokota, tia majani, uache wazi bila kufunika kwa dakika 5. Kuacha wazi husaidia majani yabaki ya kijani. Onja jani moja. Kama uchungu ni wa kawaida, usimwage maji yote; punguza tu yabaki kama nusu kikombe. Kama uchungu ni mkali, mwaga maji yote. Utapoteza sehemu ya vitamini, lakini mboga inayoliwa ni bora kuliko mboga yenye vitamini inayobaki kwenye sahani.

6. *Tengeneza ladha.* Weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria pana, kitunguu maji kilichokatwa, na karoti iliyokwanguliwa. Funika, tumia moto mdogo, koroga mara moja moja. Vikianza kushika chini, usiongeze mafuta. Ongeza kijiko cha maji. Baada ya dakika 8 hadi 10 kitunguu kitakuwa laini na kitamu. Hapa ndipo uchungu wa mnafu unapatiwa mwenzake, kwa hiyo usiharakishe. Tia kitunguu saumu kilichotwangwa, kisha nyanya, na uziache ziive mpaka zipoteze umbo.

7. *Unga mboga.* Mimina rojo la ndizi, koroga, tia mnafu na pilipili nzima. Acha ichemke polepole kwa dakika 5 hadi 7, ukikoroga kutoka chini kwa sababu ndizi hupenda kushika. Jihadhari pilipili isipasuke.

8. *Malizia.* Epua. Kamulia ndimu, onja chumvi, koroga. Ndimu iingie mwisho kabisa, kwa sababu asidi ikichemka na majani huyageuza rangi ya kahawia, na joto huiharibu vitamini C yake.

Mboga ikiwa tayari, chota kijiko uweke kwenye sahani na uinamishe. Mchuzi unapaswa kusogea taratibu ukiwa umeshikana na majani. Ukiona maji yanajitenga na kukimbia peke yake, rudisha jikoni dakika chache.

Ikikataa, irekebishe hivi

*Bado ni chungu.* Usikimbilie sukari. Ongeza kitunguu kilichokaangwa taratibu na chumvi kidogo sana. Chumvi hupunguza uchungu ulimini kuliko watu wanavyodhani.

*Imekuwa nzito kama mtori.* Ongeza maji ya moto, nusu kikombe kwa nusu kikombe. Usitumie ya baridi, yanaleta mabonge.

*Ina ladha ya ndizi.* Ama ndizi zilikuwa zimeanza kuiva, ama hazikuiva vizuri motoni. Ipe dakika 5 zaidi na ndimu kidogo.

*Haina mvuto.* Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu au kitunguu saumu, si mafuta. Jaribu hivyo viwili kabla hujagusa chupa ya mafuta.

Njia nyingine za kuunga

Ukishaizoea ndizi, jaribu hizi, ukijua kila moja inaleta nini.

Karanga: vijiko 2 vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, gramu 30 hivi, zikorogwe kwenye rojo la ndizi. Zina protini na harufu nzuri, ila karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo punguza au ondoa yale ya kukaangia. Tupa kila karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Parachichi: Kilimanjaro yamejaa, na robo ya parachichi kubwa lililopondwa huleta ulaini unaokaribia mtindi. Litie baada ya kuepua tu. Parachichi likichemshwa huwa chungu, na hapo utakuwa umeharibu kazi yote.

Tui la pili: kama nyumba yako haiwezi kukaa bila nazi, changanya nusu kikombe cha tui jepesi na rojo la ndizi. Utapata harufu ya pwani bila uzito wa tui la kwanza.

Mnafu wenyewe unaweza kubadilishwa. Majani ya maboga, kunde, figiri na mchicha vyote vinaungika kwa ndizi. Mchicha uchemshwe dakika 2 tu. Majani ya kunde yapewe 10 au zaidi.

Umepunguza nini, umepoteza nini

Chukua sufuria ya kawaida yenye nusu lita ya maziwa na vijiko 3 vya mafuta ya kukaangia. Maziwa yanaleta gramu 18 hivi za mafuta, na vijiko vile gramu 42 hivi. Jumla ni gramu 60. Sufuria yetu ina gramu 15. Umepunguza robo tatu. Usiende mpaka sifuri, kwa sababu mwili unahitaji mafuta kidogo ili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani na karoti.

Unapata faida nyingine pia. Kalsiamu ya maziwa huzuia sehemu ya madini ya chuma ya majani kuchukuliwa na mwili, wakati vitamini C ya ndimu husaidia yachukuliwe. Usiiharibu faida hiyo kwa kikombe cha chai juu ya chakula. Chai, hata ya rangi, isubiri kama saa moja.

Ila maziwa yalikuwa yanaleta protini na kalsiamu, na ndizi haileti hivyo. Basi weka maharage au choroko pembeni, na kwa anayekula samaki, dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao. Na mwenye ugonjwa wa kisukari akumbuke kwamba ndizi ni wanga. Kama mboga imeungwa ndizi, tonge la ugali lipungue.

Kumpikia asiyetumia maziwa

Jua tatizo lake kwanza. Wapo ambao mwili wao, baada ya utoto, haumeng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Hali hiyo ni ya kawaida kwa watu wazima wengi duniani. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hata ukubwani, na wengine hawana. Asiyemeng'enya sukari hiyo akipata mtindi kidogo huenda asisumbuke, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ile.

Mwenye mzio wa protini ya maziwa ana tatizo jingine kabisa. Kwake, kijiko cha mtindi au mwiko uliokoroga maziwa unaweza kuleta vipele, kutapika, hata kushindwa kupumua. Sugua sufuria, upawa na mwiko kwa sabuni kabla ya kuanza, na usitumie samli wala siagi.

Kisha pika sufuria moja kwa ajili ya wote. Kumtengea mtu bakuli lake kila siku kunamfanya mgonjwa mezani kwake mwenyewe, na mtoto huanza kukataa chakula kwa sababu hiyo tu. Mboga hii ina ladha ya kutosha kuwekwa katikati ya meza, kwa ugali, wali au makande, bila kumweleza mtu kuwa imepikwa kwa sababu ya fulani. Anayetaka mtindi wake auweke pembeni, kwenye kikombe chake.